Mwongozo wa kuona sehemu za seli kwa vitu vya Marikiti na maji ya bahari

Mchoro wa seli unaotundikwa kwenye kuta za maabara nyingi unaonyesha seli moja iliyo na kila kitu: kiini katikati, mitokondria kadhaa, vifuko vya Golgi pembeni, ribosomu zimenyunyizwa huku na huku. Mwanafunzi huukariri, akaandika majina kwenye mtihani, akapata alama zake, na muhula ukiisha hana alichobakiza. Simlaumu. Seli ile ya mchoro haipo popote. Seli ya msuli wa jodari haifanani na seli ya ngozi ya kitunguu, na zote mbili hazifanani na chembe nyekundu ya damu, ambayo kwa binadamu ikishakomaa haina hata kiini. Kila seli imebeba kile inachohitaji kwa kazi yake, na ukiijua kazi hiyo utaweza kukisia kilichomo ndani kabla hujafungua kitabu.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa sekondari hapa Mombasa, wa mzazi anayekaa naye jioni, na wa mwalimu mwenye hadubini moja kwa darasa zima. Karibu kila kitu kinapatikana kwenye masoko ya Marikiti au Kongowea, duka la dawa la mtaani, na ufuoni.

Hatua ya 1: Hadubini, vifaa na maji

Hadubini ya kawaida ya shule ina lenzi ya jicho inayokuza mara 10, na lenzi tatu za chini za mara 4, 10 na 40. Ukizidisha unapata mara 40, 100 na 400, na hiyo inatosha kwa kazi hii. Ikiwa ni ile ya zamani yenye kioo cha kuakisi mwanga, ielekeze kwenye dirisha lenye mwanga wa anga tu. Usiielekeze kwenye jua hata mara moja, kwa sababu jua likipitia kwenye lenzi linaweza kukuharibu jicho.

Tafuta wembe mpya, kibano, slaidi na vifuniko vyake vyembamba, karatasi ya tishu, na bomba la sindano lililotolewa sindano ili utumie kudondoshea. Duka la dawa nunua aidini ya vidonda, ile dawa ya zambarau ya GV, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 na spiriti. Sokoni chukua kitunguu chekundu, kiazi, nyanya moja mbichi na moja mbivu, ndizi mbivu, na kipande kidogo cha ini. Mwisho, chota chupa ya maji ya bahari mahali palipo safi, mbali na mifereji, uyaache yatulie mchanga ukae chini.

Maji ya kawaida nayo yana mambo yake. Visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvi. Ukidondosha maji hayo kwenye slaidi, joto letu hili huyakausha upesi, na chumvi iliyobaki hutengeneza fuwele za pembe nne zilizonyooka vizuri sana. Wanafunzi wengi huzichora kwa bidii wakidhani wamepata seli. Tumia maji ya mvua au ya chupa, na uongeze tone ukingoni mwa kifuniko kila unapoona yanapungua.

Hatua ya 2: Kitunguu, upande usio na rangi

Kata kitunguu vipande vinne, utoe ganda moja nene la ndani. Upande wake uliobonyea umefunikwa na ngozi nyembamba isiyo na rangi. Vunja ganda bila kulitenganisha kabisa, kisha uvute polepole kwa kibano, ngozi hiyo itabanduka yenyewe. Kata kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, kitandaze juu ya tone la maji, kisikunjike. Kifuniko ukilaze kwa ukingo mmoja kwanza, halafu ukishushe taratibu ili hewa itoke. Ukiona duara lenye ukingo mweusi mnene, hicho ni kiputo cha hewa.

Anza na lenzi ya mara 4 daima. Ukishapata picha iliyo wazi, panda hadi 10, kisha 40, na ukiwa kwenye 40 zungusha skurubu ndogo peke yake. Skurubu kubwa hapo itavunja slaidi, na pengine kuikwaruza lenzi ambayo shule haitapata nyingine mwaka huo.

Utaona vyumba virefu vimepangana ubavu kwa ubavu. Mistari inayovitenganisha ni ukuta wa seli, uliofumwa kwa nyuzi za selulosi, na kazi yake ni kuipa seli umbo na kuizuia isipasuke inapojaa maji. Mwingereza Robert Hooke aliona kuta kama hizi mwaka 1665 kwenye kipande cha koki, yaani gamba la mti. Alichokiona yeye kilikuwa kimekufa, kuta tupu. Kipande chako kiko hai bado. Funga kidogo kidirisha cha mwanga kilicho chini ya jukwaa, utulize jicho pembezoni mwa seli moja. Ukiwa na subira utaona chembe ndogo sana zikisafiri kwa mistari, nyingine zikienda huku na nyingine zikirudi. Hiyo ni saitoplazimu inayotiririka, na chembe zake hubebwa kwenye nyuzi za protini zilizomo ndani ya seli. Mwanafunzi aliyeliona jambo hili kwa macho yake hatachora tena saitoplazimu kama nafasi tupu iliyotiwa nukta.

Sasa dondosha aidini ukingoni mwa kifuniko, na ukingo wa pili uguse kwa tishu. Tishu itanyonya maji na aidini itaingia chini. Baada ya muda mfupi kiini kitajitokeza, kiduara cha manjano iliyokolea, mara nyingi kimesukumwa hadi ukutani. Mskoti Robert Brown ndiye aliyekipa kiini jina lake la kisayansi mwaka 1831, alipokuwa akichunguza mimea ya okidi. Kwa nini kimesukumwa pembeni, wakati kila mchoro hukiweka katikati? Jibu liko katika hatua inayofuata.

Kuhusu kazi yake, vitabu vingi husema kiini ni ubongo wa seli. Naomba tuiache kauli hiyo. Kiini kinahifadhi DNA, molekuli ndefu inayobeba maelekezo ya urithi, na DNA haifikirii wala haitoi amri yenyewe. Sehemu zake hunakiliwa kuwa RNA kulingana na hali ya seli na ishara inazopokea kutoka nje. Seli ya ini na seli ya jicho lako zina DNA ileile, kromosomu 46, urefu wa takriban mita 2 ukinyooshwa, ila zinasoma kurasa tofauti.

Hatua ya 3: Maji ya bahari

Hili ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote, na sisi tunaokaa kisiwani hatuna udhuru wa kutolifanya.

Safari hii tumia upande wa nje wa ganda, ule wa zambarau. Ngozi yake ni ngumu kidogo kubandua. Kata mstari mdogo kwa wembe bila kuingia ndani, uinue pembe, uvute. Kipande chembamba chenye rangi kikikaa vizuri kwenye tone la maji matamu, tazama kwa mara 100. Kila seli imejaa zambarau kutoka ukuta hadi ukuta. Rangi hiyo ni antosiani, na imo ndani ya vakuoli, mfuko mmoja mkubwa wa maji ambao katika seli ya mmea iliyokomaa unaweza kuchukua hata asilimia 80 au 90 ya nafasi yote. Hapo ndipo unapoelewa kiini kimesukumwa na nini. Saitoplazimu yote, pamoja na kiini, imebaki kama tabaka jembamba lililobanwa kati ya vakuoli na ukuta.

Dondosha maji ya bahari ukingo mmoja, unyonye kwa tishu ukingo wa pili, na usiondoe jicho. Mwanzoni huoni kitu. Kisha kwenye pembe za seli rangi inaanza kujitenga na ukuta. Pembe zinakuwa nyeupe, zambarau inajikunja, na kadiri inavyojikunja ndivyo inavyozidi kukolea, kwa sababu maji yanatoka na rangi inabaki. Baada ya dakika chache seli nyingi zina donge la zambarau lililoelea katikati ya chumba, nao ukuta umesimama palepale ulipokuwa. Hapa ndipo watoto huuliza, "Mwalimu, kimekufa?" Jibu lao ni tone la maji matamu. Rudishia maji ya mvua kwa njia ileile, na kama hukuchelewa sana, madonge yatavimba tena hadi yaguse kuta. Kilichokufa hakirudi hivyo.

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita, ukolezi mkubwa kuliko wa maji yaliyomo ndani ya seli ya kitunguu. Maji huelekea kule kwenye ukolezi mkubwa, na utando wa seli huyapitisha, lakini chumvi na antosiani huzizuia. Mama anayetia chumvi kwenye vitunguu vya kachumbari, akavisugua na kuvikamua, anafanya jambo hilihili, na maji yanayochuruzika kwenye bakuli yametoka ndani ya vakuoli.

Chunguza sasa umejifunza nini kwa tone moja. Ukuta ni kitu kimoja na utando ni kingine, maana umeona vikiachana. Ukuta hupitisha chumvi bila pingamizi, kwa kuwa maji ya bahari yameingia na kujaza nafasi iliyoachwa. Utando ndio unaochagua. Na utando wenyewe huuoni, kwa sababu una unene wa nanomita chache tu (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), nayo hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu zaidi ya nanomita 200 hivi. Unachokiona ni mpaka, pale zambarau inapokomea. Mwambie mwanafunzi aandike hivyo kwenye daftari: nimeona mpaka wa utando. Uaminifu huo ndio sayansi yenyewe.

Ukitaka kuona utando uliokufa, chemsha kipande cha kitunguu dakika moja. Maji yatageuka rangi, kwa kuwa hakuna tena kinachoizuia antosiani isitoke.

Kabla ya kuondoka ufuoni, maji yakitoka, tafuta kwenye miamba ule mwani wa kijani kibichi ulio mwembamba kama karatasi, ambao wanasayansi huuita Ulva. Jani lake lina unene wa seli mbili tu, kwa hiyo halihitaji kubanduliwa. Kata kipande, ukiweke kwenye tone la maji ya bahari, utazame. Hakuna seli iliyojikunja. Mwani huu umejaza ndani yake chumvi na viambata vingine vya kutosha kukabiliana na bahari, kazi inayofanywa na protini za utando zinazosukuma na kuzuia aina mbalimbali za chumvi. Kitunguu na mwani katika maji yaleyale, kimoja kimenywea na kingine kimetulia: weka slaidi hizo mbili zikifuatana, na somo la utando limekwisha.

Hatua ya 4: Plastidi, ukoo mmoja wenye kazi nyingi

Plastidi ni vifuko vya ndani ya seli za mimea na mwani vinavyotengeneza chakula, kukihifadhi au kubeba rangi. Kwenye mwani huo umeshaona kijani. Kila seli ina kloroplasti, yaani plastidi ya kijani, moja kubwa iliyolala kando ya ukuta. Kwenye mimea ya nchi kavu kloroplasti huwa nyingi na ndogo, maikromita 5 hadi 10 hivi kila moja (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Humo ndimo nishati ya mwanga hutumika kuunganisha kaboni dayoksaidi na maji kuwa sukari. Bandua ngozi ya chini ya jani la mchicha utazame tena: seli nyingi za ngozi hazina kijani, lakini zile mbili mbili zilizokumbatia kila kitundu cha kupumulia zinacho. Hizo ndizo zinazofungua na kufunga kitundu, na zina kazi ambayo jirani zao hawana.

Kisha kwangua kiazi kibichi kwa ncha ya wembe, uchanganye na tone la maji. Utaona punje za mviringo zenye duara ndani ya duara, na kitovu cha duara hizo kimekaa upande. Tia aidini iliyozimuliwa na zitageuka buluu karibu na nyeusi. Huo ni wanga, na uliwekwa ndani ya amiloplasti, plastidi ya kuhifadhia wanga. Kiazi kikiachwa juani, amiloplasti zilizo karibu na ganda hugeuka kloroplasti na kiazi kikawa kijani. Kiazi cha namna hiyo usikile, maana pamoja na kijani hicho huongezeka solanini, ambayo ni sumu.

Na nyanya? Chukua nyama kidogo ya nyanya mbichi, halafu ya mbivu, uziponde taratibu chini ya kifuniko. Kwenye ile mbichi kuna chembe za kijani. Kwenye ile mbivu kuna chembe nyekundu na za rangi ya chungwa, nazo ni kromoplasti, zilizokuwa kloroplasti kabla tunda halijaiva. Oganeli, yaani kiungo kidogo cha ndani ya seli, imebadilisha kazi: mwanzo ililisha tunda, sasa inamvutia ndege au mtu ale tunda na kuzitawanya mbegu.

Seli za ndani ya shavu zipitie haraka. Sugua kwa pamba safi ya kijiti, paka kwenye slaidi, tone la GV iliyozimuliwa sana, funika. Seli bapa zisizo na umbo maalumu, upana wa maikromita 50 au 60, kiini kimekolea rangi katikati. Hakuna ukuta, hakuna plastidi, hakuna vakuoli kubwa. Kila mtu atumie pamba yake, na zote ziishie kwenye maji yenye klorini. Damu usitoboe mtu nyumbani wala darasani.

Hatua ya 5: Zile usizoziona, zitafute kwa kazi zake

Mitokondria, ribosomu, lisosomu (vifuko vinavyomeng'enya taka za seli), peroksisomu, retikulamu ya endoplazimu na vifuko vya Golgi hutavitambua kwa hadubini ya shule. Ribosomu ya binadamu ina kipenyo cha nanomita 25 hadi 30. Ilisubiri hadubini ya elektroni, na George Palade akaieleza mwaka 1955. Hapa wengi hurudi kwenye kukariri, lakini haina haja.

Nenda sokoni kwa samaki, uombe kipande cha jodari kilichokatwa kwa upana. Ubavuni utaona nyama iliyokolea wekundu, karibu na weusi, tofauti na nyama nyingine. Jodari haachi kuogelea, maana asipoogelea maji hayapiti vizuri kwenye matamvua yake, na nyama hiyo nyeusi ndiyo inayofanya kazi ya kutwa kucha. Imejaa mitokondria, na pia mayoglobini ya kuhifadhi oksijeni. Nyama iliyo nyeupe zaidi hutumika anapochupa ghafla, na mitokondria zake ni chache. Mitokondria huchukua kilichobaki baada ya glukosi kuvunjwa, pamoja na mafuta, ikakiunguza kwa oksijeni hatua kwa hatua, na nishati inayopatikana ikahifadhiwa kwenye ATP, molekuli ya kubebea nishati ambayo seli nzima huitumia. Palipo na kazi isiyokatika, hapo zitafute.

Au nenda kwenye mikoko ya Tudor au Mikindani, utafute mchu. Ramba jani lake: lina chumvi. Mchu hunyonya maji yenye chumvi kiasi, kisha tezi ndogo zilizo kwenye majani huisukuma chumvi nje. Kusukuma chumvi kwenda mahali ambapo tayari ni nyingi hugharimu nishati, na seli za tezi hizo zimesheheni mitokondria. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya kusimama kama miguu, huzuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini na hauna tezi hizo. Kabla hujamwambia mwanafunzi, muulize ni jani la mti upi lina mitokondria nyingi zaidi kwenye ngozi yake. Atajibu.

Peroksisomu utaziona zikifanya kazi mezani. Weka kipande cha ini kibichi kwenye kikombe na kipande kilichochemshwa kwenye kingine, umimine haidrojeni peroksaidi kidogo juu ya vyote viwili. Kile kibichi kitafoka povu papo hapo. Haidrojeni peroksaidi ni sumu inayozalishwa na seli yenyewe katika shughuli zake, na kimeng'enya kiitwacho katalesi, kinachokaa ndani ya peroksisomu, huivunja kuwa maji na oksijeni. Povu ni oksijeni hiyo. Kile kilichochemshwa kimenyamaza kwa kuwa joto limeharibu umbo la kimeng'enya. Ini ndilo linalosafisha sumu nyingi mwilini, basi si ajabu lina povu kubwa kuliko kiazi, ingawa kiazi nacho kitatoa.

Kuhusu njia ya protini, fuata safari yake. Ribosomu husoma nakala ya RNA na kuunganisha amino asidi moja baada ya nyingine. Kosa la herufi moja kwenye DNA linaweza kubadilisha amino asidi moja katika himoglobini, ya sita kwenye mnyororo wa beta, na hilo peke yake ndilo chanzo cha ugonjwa wa selimundu ambao familia nyingi za Pwani zinaujua. Protini inayokusudiwa kutoka nje ya seli hutengenezwa na ribosomu zilizobandikwa kwenye retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa tando ndani ya seli, ikakunjwa humo, ikapelekwa kwenye vifuko vya Golgi, ikaongezewa sukari na kupangwa iende wapi. Mtaliano Camillo Golgi aliviona vifuko hivyo mwaka 1898 kwenye seli za neva za bundi, na wenzake wengi walikataa kwamba vipo hadi hadubini ya elektroni ilipothibitisha. Katika mimea, Golgi ndiyo inayotengeneza ute. Ukikata bamia, ule mrenda unaonyumbuka ni kazi yake.

Ribosomu zina jambo jingine linalotuhusu moja kwa moja. Za bakteria zina umbo tofauti kidogo na zetu, na dawa kama tetrasaiklini na erithromaisini hushika za bakteria na kuziziba bila kuua seli zetu. Virusi havina ribosomu kabisa. Ndiyo maana antibayotiki haitibu mafua, na mtu anayeuziwa vidonge hivyo kwa mafua anapoteza pesa zake na kuwafunza bakteria waliomo mwilini mwake kuhimili dawa.

Mitokondria zina ribosomu zinazofanana na za bakteria, na zina DNA yao pia, jeni 37 kwa binadamu, ambazo unazipata kwa mama. Mwaka 1967 Lynn Margulis wa Marekani alitetea hoja kwamba mitokondria na kloroplasti zilitokana na bakteria waliomezwa na seli nyingine zamani sana wakabaki humo. Leo hoja hiyo imekubalika. Hata kimelea cha malaria kina mabaki ya plastidi ya namna hiyo, na doksisaiklini humdhuru kwa kupitia hapo.

Hatua ya 6: DNA ya ndizi, na kitale

Ponda nusu ya ndizi mbivu. Kwenye nusu kikombe cha maji koroga kijiko kidogo cha chumvi na kijiko cha sabuni ya maji ya vyombo, bila kufanya povu jingi. Changanya na ndizi kwa upole dakika tano au kumi, chuja kwa kitambaa cha tui, umimine yaliyochujwa kwenye glasi nyembamba. Spiriti uwe umeiweka kwenye friji tangu jana yake, mbali na moto. Imimine polepole ubavuni mwa glasi ikae juu. Kwenye mpaka wa vimiminika viwili zitapanda nyuzi nyeupe zinazonatana, unazoweza kuzizungushia kijiti.

Sabuni imeyeyusha tando, kwa kuwa tando ni mafuta, na DNA imetoka. Chumvi imesaidia nyuzi zikusanyike, nayo spiriti imezitoa kwenye maji kwa sababu DNA haiyeyuki humo. Mwambie mwanafunzi ukweli: zile nyuzi si DNA tupu, zimechanganyika na pektini na protini za ndizi.

Na ukiwa na kitale, ile nazi changa kabla haijawa dafu, kitumie kuvunja mazoea ya mchoro. Katika maji ya nazi changa viini hugawanyika tena na tena bila kuta kujengwa kati yao, viini vingi vikiogelea katika kimiminika kimoja. Kuta huja baadaye, kuanzia kwenye kifuu kuelekea ndani, na hapo ndipo ile nyama laini ya dafu inapoanza. Nyama ikikomaa seli zake hujaa matone ya mafuta, ambayo mbuzi ya kukunia huyapasua na sisi tukayakamua kama tui.

Hatua ya 7: Kupima, kuchora na kutunza

Weka rula ya plastiki inayopenya mwanga chini ya lenzi ya mara 4, uhesabu milimita zinazoonekana kutoka ukingo hadi ukingo. Tuseme ni 4.5. Ukihamia lenzi ya mara 10, uwanja wako ni 1.8, na kwa lenzi ya mara 40 ni 0.45. Ikiwa seli tano za kitunguu zilizopangana kwa urefu zinajaza uwanja wa 1.8, kila moja ina takriban milimita 0.36.

Chora kwa penseli iliyochongwa, mstari mmoja safi, bila kutia kivuli, na uandike ukuzaji. Taja kwa jina kile ulichokiona tu. Mitokondria zisiwemo kwenye mchoro wa kitunguu. Ukitaka kuziandika, ziandike chini, pamoja na sababu inayokufanya uamini zimo. Picha ya simu kupitia lenzi ya jicho ni nzuri kwa kumbukumbu, lakini ichukue baada ya kuchora, kwa kuwa mkono unaochora hulazimisha jicho litazame.

Ukimaliza, futa chumvi. Maji ya bahari yakibaki kwenye jukwaa la hadubini yatakula chuma mwezi haujaisha. Pitisha kitambaa chenye maji matamu, kisha kikavu. Lenzi zifute kwa karatasi yake maalumu au pamba safi, kamwe si kwa shati. Usiifunike hadubini kwa mfuko wa nailoni na kuisahau, kwa sababu unyevu wetu huotesha kuvu ndani ya lenzi na ikishashika haitoki kirahisi. Iweke kwenye kabati lenye vifuko vya kukausha unyevu, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na uvibadilishe vikilowa.